Maji ya moto kwa pampu ya joto kwenye nyumba mpya: nilipanga dola 2,100, nikalipa 3,725

Uamuzi wa kuwa na maji ya moto nyumbani niliufanya usiku mmoja wa Julai, kabla hatujachimba hata msingi. Tulikuwa bado tunaishi nyumba ya kupanga, Bel-Air, mtaa wa hapa Lubumbashi, Kongo. Mtu wa Lubumbashi anaijua Julai yetu: mchana jua na anga safi, usiku baridi inashuka chini ya digrii 10, na nyumba ya matofali isiyo na dari nzuri inageuka pango. Mama mkwe alikuwa ametoka Likasi kuja kutusalimia. Aliwaogesha wajukuu kwa maji aliyochemsha, kisha akaingiza chumbani mbabula, jiko la makala, yaani makaa, wapate joto, akafunga mlango. Makala yalikuwa mekundu, hayatoi moshi hata kidogo. Mimi nilikuwa kwenye matanga kwa jirani. Niliporudi saa nne usiku nilikuta mtoto wa pili anatapika, wa kwanza analia kichwa, na mama mwenyewe amekaa chini, miguu haimbebi.

Tulifungua madirisha yote, tukawatoa nje kwenye baridi ile ile tuliyokuwa tunaikimbia. Walipona. Lakini mimi ni mwalimu wa fizikia kwenye shule ya sekondari, na ninajua kilichokuwa ndani ya chumba kile: monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu kuliko hewa safi inavyofanya. Makala mekundu bila moshi ndiyo yanayodanganya watu. Asubuhi nilimpigia simu baba watoto, nikamwambia kwamba kwenye nyumba yetu wenyewe mbabula haitavuka kizingiti. Hakubisha.

Yeye anafanya kazi kwenye mgodi upande wa Kolwezi, wiki tatu kule, wiki moja nyumbani. Ndiye aliyenitajia pampu ya joto kwa mara ya kwanza, maana mabafu ya kambi yao yanatumia mashine za namna hiyo. Kanuni yake haikunishangaza. Weka mkono nyuma ya frigo, utasikia joto. Lile joto limetolewa kwenye nyama na vinywaji vilivyo ndani, likasukumwa nje. Pampu ya joto inafanya kazi hiyo hiyo kwa upande mwingine: inafyonza joto lililo kwenye hewa ya nje, hata hewa ambayo wewe unaiona baridi, kwa kutumia gesi inayochemka kwenye joto la chini sana. Kompresa inaibana gesi hiyo mpaka iwe moto, na gesi inaachia moto wake kwenye maji ya tangi. Umeme haupashi maji. Unazungusha kompresa na feni, basi. Ndiyo maana uniti moja ya umeme inaweza kuleta karibu uniti tatu za joto.

Nilikaa mezani na kalamu. Tangi la lita 200, maji yanaingia yakiwa na digrii 20, nayataka yafike 55. Hapo unahitaji uniti 8 na kitu za joto. Boila ya kawaida, inayopasha maji kwa waya wa umeme, itakula uniti hizo zote. Pampu ya joto itakula chini ya 3. Na kwa sisi tunaoishi na delestaji, yaani umeme wa mgao, hesabu kubwa zaidi si ya faranga, ni ya wati. Boila inavuta wati 2,000 kwa mkupuo na kumaliza betri za mtu mapema sana. Mashine niliyokuwa naitazama ilikuwa inavuta wati 700. Hiyo unaweza kuiendesha mchana kwa paneli za jua, hata mtaa mzima ukiwa gizani.

Niseme jambo moja hapa, kwa sababu nimeulizwa mara nyingi na sitaki mtu atumie pesa kwa kunifuata mimi. Kama nyumba yako ina watu watatu au wanne, na paa lako linatazama jua vizuri, basi tangi la jua la juu ya paa, lile la mirija ya vioo, ni rahisi zaidi na halina kompresa ya kufa. Wakati wetu wa baridi ndio wakati anga halina wingu, kwa hiyo linafanya kazi pale pale unapolihitaji. Sisi tuko saba, na kuanzia Desemba mpaka Machi mawingu ya mvua yanakaa siku nzima. Tena upande wa paa letu unaopata jua tulikuwa tumeuweka kwa ajili ya paneli za umeme. Hizo ndizo sababu zetu. Kama hazifanani na zako, okoa pesa zako.

Parseli yetu, kiwanja tulichojenga, iko upande wa Kasapa. Mwezi wa tano mwaka 2022 kuta zilikuwa zimefika kwenye lenta. Fundi wa mabomba, mzee mmoja mtaratibu sana, aliniuliza, "Mwalimu, maji ya moto tutayapitisha wapi?" Nilikuwa nimetoka kulipa mabati siku hiyo. Mkononi nilikuwa na dola 90 za kumaliza wiki. Nikamwambia, "Papa, tuache kwanza, tutaona mbele." Akanitazama, akarudia swali. Nikarudia jibu. Akaweka mabomba ya maji baridi tu, masoni wakapiga plasta, na miezi sita baadaye vigae vyeupe vikapanda ukutani mpaka juu ya mlango wa bafu.

Hapo ndipo nilipopoteza pesa nyingi kwa neno dogo. Siku ile, kupitisha bomba la maji ya moto kwenye kuta zilizo wazi kungegharimu kama dola 60, bomba na kona zake pamoja. Mwaka uliofuata nililipa dola 320: kuvunja vigae, kuchonga ukuta, kupitisha bomba, kurudisha plasta, na kutafuta vigae vya rangi ile ile, ambavyo sokoni havikuwepo tena. Bafu letu mpaka leo lina mstari wa vigae vya rangi ya kahawia. Wageni wanafikiri ni urembo.

Na hata bomba lenyewe lina elimu yake. Muuzaji wa kwanza alitaka kunipa bomba la kijivu la PVC, lile la maji baridi, akisema maji ni maji. Bomba hilo linalainika likipitiwa na maji ya moto kila siku, na viungo vyake vinaachia. Omba la PPR, mara nyingi lina mstari mwekundu, na viungo vyake vinaunganishwa kwa mashine ya kuyeyusha, siyo kwa gundi. Muulize fundi kama ana mashine hiyo kabla hujamlipa nauli.

Ilipofika Machi 2023 tukaanza kutafuta mashine. Duka moja la mjini lilitupa bei ya dola 2,350 kwa pampu yenye tangi lake la lita 200, kuletewa nyumbani ndani yake, na garantii ya mwaka mmoja. Niliona ni nyingi. Mdogo wangu anafanya biashara ya vipuri vya magari, anakwenda Johannesburg kila baada ya miezi miwili. Akaniambia mimi dada yake mkubwa, "Yaya, kule nimeiona kwa 1,480." Nikapiga hesabu haraka haraka: 1,480, na usafiri, na forodha, jumla 2,100. Nikamwambia baba watoto tumeokoa dola 250. Alinyamaza kidogo, akauliza nani ataitengeneza ikiharibika. Nikamjibu kwamba mashine mpya haiharibiki.

Usafiri kwa lori ulikuwa dola 170. Kasumbalesa, kilomita karibu 90 kutoka hapa, deklara wetu, wakala wa forodha, alijaza karatasi, tukalipa ushuru, na TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 juu yake, na malipo madogo madogo ambayo hakuna anayekuambia mapema, na yeye mwenyewe mshahara wake. Hayo yote yalifika dola 410. Kwa hiyo mashine ilipoingia getini ilikuwa imenila dola 2,060. Bado nilikuwa chini ya bei ya duka. Niliwapikia wapakuaji bukari (ugali) na samaki kwa furaha.

Kitu ambacho sikukiuliza ni jinsi mashine ilivyosafiri. Ilikuwa imelazwa kwenye lori safari nzima, chini ya magurudumu ya akiba. Ndani ya kompresa kuna mafuta. Ukiilaza, mafuta yanatoka mahali pake na kuingia kwenye mirija ya gesi. Kabla ya kuiwasha unatakiwa kuisimamisha wima na kuiacha imetulia siku nzima, saa 24 kamili, mafuta yarudi. Maneno hayo yameandikwa kwenye kitabu chake. Kitabu kilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko haukufunguliwa. Fundi wa umeme alitaka kuondoka kabla ya giza, mimi nilitaka kuona maji ya moto kabla ya giza, tukaiwasha baada ya saa moja.

Ilinguruma kwa dakika kama kumi, sauti kama ya kinu kinachosaga changarawe, halafu ikakaa kimya. Tukaiwasha tena. Tukaiwasha mara ya tatu. Sikulala usiku ule. Nilikaa jikoni kwenye nyumba isiyo na pazia bado, nikifikiria kwamba mshahara wangu wa mwalimu wa miezi mingi umesimama kule nyuma ukiwa chuma baridi. Siku mbili sikumwambia mume wangu. Hilo nalo ni kosa. Yeye kazini alikuwa amezungukwa na watu wanaozijua mashine zile, na angeniunganisha nao siku ile ile.

Nilipomwambia, mwenzake mmoja alinielekeza kwa fundi wa frigo wa Kamalondo. Kijana huyo alisikiliza, akagusa, akapima, akasema kompresa imekufa. Mpya ilitoka Lusaka. Kompresa, gesi, na kazi yake: dola 380. Jumlisha na 2,060 utapata 2,440. Duka la mjini lilikuwa linauza kwa 2,350, na garantii, na mtu wa kuja kuifunga. Nilikuwa nimesafirisha mashine kutoka nchi nyingine ili nilipe dola 90 zaidi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo anunue wapi, simtajii nchi wala duka. Namwambia aulize kwanza ni nani ndani ya mji huu anayeijua gesi iliyo kwenye mashine hiyo, na kama anayo. Gesi hazifanani. Kuna R134a, ambayo mafundi wengi wa hapa wanaijua kwa sababu ya magari na frigo. Kuna R410A ya klimatizeri, mashine za kupoza hewa ya chumba. Kuna R290, ambayo ni propani, inashika moto, na haitaki mtu wa kubahatisha. Jina la gesi limeandikwa kwenye kibandiko ubavuni. Piga picha kibandiko, mpelekee fundi wa frigo kabla hujatoa hata dola moja.

Mashine ilipopona, tukaiweka mahali pabaya. Niliogopa wezi. Nyuma ya jiko tuna depo ndogo ya kuwekea unga na vitu vya shamba, ina mlango wa chuma na kidirisha kimoja cha kiganja. Nikasema iingie humo. Siku ya kwanza maji yalipata moto vizuri, tukaimba. Siku ya pili mashine ilizunguka asubuhi mpaka jioni bila kupumzika, na maji hayakufika hata digrii 45. Nikafungua depo na baridi ikanipiga usoni. Mashine inachukua joto la hewa na kutema hewa baridi. Ukiifungia kwenye chumba kidogo inamaliza joto lote la chumba, halafu inaanza kuhangaika na hewa yake yenyewe. Mama mkwe alikuwa ameshaona faida, ameingiza humo kapu lake la sombe, majani ya muhogo, lisinyauke. Lakini sisi tulitaka maji.

Tukaitoa nje, chini ya paa la nyuma, juu ya zege la inchi nne, ndani ya kizimba cha nondo chenye kufuli. Kizimba, zege na kipande cha bati: dola 135. Tukaiacha iwe mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita kwa ubavu, ili ivute hewa kwa upande mmoja na kutema kwa upande mwingine bila kuivuta tena hewa iliyoitema. Tuliangalia pia isiwe chini ya dirisha la chumba cha kulala, kwa kuwa feni na kompresa vina kelele, na umeme wetu mara nyingi unarudi usiku wa manane. Wakati wa mvua inadondosha maji mengi ya ukungu kila siku, kwa hiyo inahitaji kamfereji kake. Sisi hatukukaweka, na ukuta wa jiko ulianza kulowa kwa chini.

Halafu umeme wenyewe. Darasani ninafundisha habari za mabwawa ya Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba, na la Mwadingusha kwenye Lufira lililoanza kazi mwaka 1930, na wanafunzi wangu wanaweza kukuchorea jinsi maji yanavyogeuka umeme. Lakini umeme ukishafika mwisho wa mtaa mrefu, nyumba zote zikiwa zimewasha majiko jioni, kinachobaki ni kidogo. Nilinunua mita ndogo ya volti, nikaichomeka, nikaandika namba kwa wiki mbili. Saa sita mchana: 215. Saa moja jioni: 168. Siku moja ya Jumapili: 155. Kompresa ni mota, na mota ikipata volti ndogo inavuta mkondo mkubwa zaidi ili ifanye kazi ile ile, inapata moto, inaungua. Ile ya kwanza iliuawa na mafuta. Hii ya pili ingeuawa na jioni zetu.

Hapo nikafanya kwa utaratibu, maana nilikuwa nimeshachoka kulipia haraka. Regilateri ya kusawazisha volti, ya kVA 5: dola 210. Waya wake peke yake wa milimita za mraba 6 kutoka kwenye mita ya nyumba, kikata umeme chake peke yake, na waya wa ardhi unaoingia kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa chini: dola 240. Waya wa ardhi msiufanyie mchezo. Hiki ni chombo cha chuma, kina umeme na maji ndani yake, na mwisho wake ni mtoto aliyelowa akishika bomba. Nyumba nyingi ninazoingia hapa mjini zina soketi yenye tundu la ardhi na nyuma yake hakuna kitu. Mwambie fundi akuonyeshe fimbo kwa macho yako.

Kuhusu maji nilikuwa nimejidanganya pia. Tuna forage, kisima cha kuchimbwa kwa mashine, na tangi la plastiki juu ya mnara wa mita 4, na maji ya baridi yalikuwa yanatoka vizuri. Lakini mita 10 za urefu ndizo zinazotoa bar 1 ya msukumo. Mita 4 ni bar 0.4. Kwa ndoo inatosha. Kwa kupita kwenye tangi la mashine, kusafiri mita 17 za bomba mpaka bafu, na kupanda mpaka juu ya kichwa cha mtu, haitoshi. Maji ya moto yalikuwa yanadondoka kama machozi. Pampu ndogo ya kuongeza msukumo: dola 185.

Mita 17 hizo zinaniuma mpaka leo. Kila asubuhi karibu lita 3 zinatoka baridi kwanza kabla ya moto kufika, tunazikinga kwa ndoo za chooni. Ningechora nyumba upya ningeweka jiko na bafu wagawane ukuta mmoja, mashine ikiwa nyuma yake. Lile lilikuwa jambo la penseli na kifutio, halikuhitaji hata dola moja. Tumelivika bomba lote sponji nyeusi ya kuzuia joto, dola 40, na hiyo angalau imefanya maji yanayolala ndani yake yasipoe haraka.

Tena maji ya forage yetu yana chokaa, utaiona kwenye sufuria, tabaka jeupe. Ndani ya tangi la moto chokaa hiyo inaganda. Chujio la pale maji yanapoingia pamoja na dawa yake: dola 60. Ndani ya tangi kuna kijiti cha magnesi ambacho kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi. Mara moja kwa mwaka kinatolewa kukaguliwa. Chetu baada ya mwaka wa kwanza kilikuwa kimebaki chembamba kama penseli.

Dola 95 za mwisho ni za vitu viwili ambavyo fundi wa kwanza alisema ni anasa. Cha kwanza ni vali ya usalama. Maji yakipata moto yanatanuka, na kama hayana pa kutokea yatajitafutia. Cha pili ni vali ya kuchanganya. Unatakiwa kuyafikisha maji ya tangi digrii 60 mara moja moja, sisi tunafanya kila Jumamosi, kwa sababu kuna bakteria wanaopenda kuzaliana kwenye maji ya uvuguvugu. Lakini digrii 60 zinaunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache. Vali ya kuchanganya inaongeza maji baridi yenyewe, bafuni yafike yakiwa ya kuogea. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa na miaka mitatu wakati huo. Sikuona anasa yoyote hapo.

Ukijumlisha, mashine na mkosi wake 2,440, na nyumba kuipokea mashine 1,285. Jumla 3,725. Tulikopa 900 kwenye likelemba ya walimu, mchango wetu wa kupokezana, nikakosa zamu yangu mwaka mzima. Kwa miezi kadhaa neno "pampu" halikutajwa mezani, kwa kuwa likitajwa tulianza kuhesabu lawama. Baba watoto hakuwahi kunikumbusha swali lake la nani ataitengeneza. Namshukuru kwa hilo kuliko alivyofikiri.

Nilifunga mita yake peke yake, kwa hiyo ninaweza kusema inakula nini. Oktoba, kwenye joto, uniti 2 na kitu kwa siku. Julai, uniti 3 na nusu, kwa kuwa maji yanaingia baridi zaidi na hewa nayo ina joto dogo la kufyonza. Julai alfajiri ndiyo mbaya kabisa: niliwahi kuona barafu nyeupe kwenye mbavu zake, na mashine ikasimama kuyeyusha barafu hiyo kabla ya kuendelea. Tangu tuweke paneli, mwaka uliofuata, tumeipangia saa: inaanza saa tano asubuhi na kumaliza saa kumi jioni, hewa ikiwa na joto na jua likiwa juu. Tangi limevikwa vizuri, maji ya saa kumi jioni bado ni moto saa kumi na moja alfajiri. Umeme wa mtaa ukirudi usiku wa manane, hatuuhitaji kwa kuoga. Lakini inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa mtaa, isiwe ndogo. Kompresa ikianza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya wati zake za kawaida kwa kitambo kidogo, na inverta ya kwanza tuliyoazima kwa shemeji ilizimika kila mara. Zipo pampu ambazo kompresa yake inaanza polepole. Ukiweza kuipata hiyo, ongeza pesa uichukue.

Mama mkwe alikuja tena Juni iliyopita. Aliingia kuoga, akakaa humo muda mrefu mpaka nikagonga mlango. Akajibu kwamba yuko sawa, nimwache. Mbabula yake iko nje chini ya mwembe, anachomea mahindi, na usiku haingii.

Wiki iliyopita dada yangu alinipigia. Anajenga Kisanga, kuta zimefika juu. Aliniambia kwa sauti ya mtu aliyechoka kwamba pesa zimeisha, na masoni wanaanza plasta kesho asubuhi. Nikamuuliza kama bomba la maji ya moto limeshapita. Akasema, "Tutaona mbele, yaya." Ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Nilichukua dola 60 kutoka kwenye bahasha ya karo ya watoto, na karatasi yenye mchoro wa bomba letu, nikatoka kutafuta teksi.